Kopo la Lebo

Barua ilikuja Jumanne, mwezi wa kumi na nne tangu jina la mtoto liingie kwenye foleni ya kupimwa. Fundi aliifungua kwa mkasi wa kukatia vitambaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushona, maana mkasi ukizoea karatasi umekwisha. Akaisoma. Akairudia. Akampa mumewe.

"Hebu nisomee wewe. Mimi naona wamekosea nyumba."

Mumewe, mwokaji mikate, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini na unga umemkaa hadi kwenye nyusi. Akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Kwa majibu mliyojaza kwenye fomu, mtoto haonyeshi dalili za kutosha za usonji wala za kutotulia. Ataondolewa kwenye orodha ya tathmini, isipokuwa mlete maelezo mengine kabla Ijumaa haijaisha."

"Haonyeshi?" Fundi akauliza. "Hamwonyeshi nani?"

Mwenye kesi alikuwa chini ya meza ya kukatia, anapanga vifungo kwa rangi. Msichana wa miaka sita. Walimwita Meneja, kwa kuwa humo ndani hata kijiko hakikuhama bila idhini yake. Shule alikaa wiki tatu tu. Mwalimu mkuu alisema leteni karatasi ya wataalamu, tumpatie mwalimu wa kukaa naye. Bila karatasi, abaki nyumbani. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo iliyokuwa shule yenyewe.

Alhamisi akaja Dada wa Alhamisi. Kazi yake ilikuwa kuzungukia familia zilizo kwenye foleni, kukaa nazo, kusikiliza, kueleza fomu. Naye alikuwa na kijana wake aliyepitia foleni hiyohiyo. Akavua viatu, akatoa nakala ya fomu kwenye mkoba.

"Haya, Mama Meneja. Swali la tisa. Mtoto anasumbuliwa na nguo? Umeandika hapana."

"Hasumbuliwi."

"Mbona gauni amelivaa ndani nje?"

"Hajalivaa ndani nje. Ndivyo nilivyolishona. Mishono ikae nje, isimguse."

"Na lebo za shingoni?"

"Nakata zote. Hata za soksi."

Dada akafunua ukurasa. "Swali la kumi na mbili. Anaogopa kelele? Hapana."

"Ataogopa kelele gani? Cherehani nimeiwekea godoro chini. Kengele ya mlango baba yake aliing'oa."

"Ndiyo maana nimegonga mpaka vidole vimeota sugu! Na chakula? Hachagui?"

Mwokaji akadakia, kifua mbele. "Hachagui kabisa. Anakula mkate wa mraba. Nimemtengenezea bati lake mwenyewe la kuokea. Wa duara hata umwambie nini hagusi, sasa wa duara wa nini?"

Dada akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika.

"Jamani. Wameuliza habari za mtoto, nyinyi mmewajazia kazi zenu."

Fundi akakaa kwenye stuli. Kichwani mambo yalimzunguka kama uzi ulioruka kwenye bobini ya cherehani. Alikuwa amejibu kweli tupu, mstari kwa mstari. Sasa wamemponya huyu mtoto, au wamemficha? Na kama wamemficha, wamemficha asionwe na nani, na wao wenyewe?

"Sijui, mwenzangu," Dada akasema. "Mimi wangu nilimbana mno, wewe wako umemlainishia mno. Mpeleke kesho. Waeleze unachokifanya kabla hajalia."

Alipoondoka, mwokaji akakuna kidevu. "Maelezo ya nini? Mvalishe gauni la dukani na lebo yake. Waone kwa macho yao."

"Nimtese mwanangu ili waniamini?"

"Nimesema tu, Mama Meneja."

Alisema tu. Lakini Ijumaa asubuhi gauni la dukani lilikuwa limelala kitandani, lebo shingoni, na aliyeliweka si mwokaji. Fundi mwenyewe hakuelewa mkono wake ulilifikishaje pale.

Meneja akalikagua. Akageuza shingo, akaona. Hakulia. Akaenda mezani, akarudi na mkasi, akamkabidhi mama yake.

"Umesahau moja."

Fundi akakata. Mtoto akaichukua ile lebo akaenda nayo kwenye kopo lake la biskuti, akaipanga na nyingine: nyeupe na nyeupe, nyeusi na nyeusi, miaka mitatu ya shingo zilizokatwa. Fundi alilitazama kopo lile kama mtu anayelikuta mara ya kwanza.

Akamvalisha gauni la mishono nje, akabeba kopo, wakaenda ofisi ya tathmini.

"Maelezo yako wapi?" akauliza karani wa dirishani.

Fundi akafungua kifuniko. "Haya hapa. Kila nilipoandika hapana, nilikuwa nimeshakata."

Karani akatazama kopo, akatazama gauni, akapekua fomu mbele na nyuma. "Fomu haina nafasi ya jambo hili," akasema, na yeye kachanganyikiwa. Akachukua lebo tatu nyeupe, akaingia nazo ndani. Aliporudi zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye faili.

"Jina linabaki. Mtaitwa."

"Lini?"

"Hapo sijui, mama."

Fundi hakujua ashukuru au alie. Kumbe mtu huweza kufurahi kuambiwa kwamba huenda mwanawe ana shida kweli! Bado anatafuta sura ya kuvaa, Meneja akachungulia kopo, akaona pengo kwenye safu ya nyeupe, akaanza kuomboleza, sauti moja ndefu, mikono masikioni. Watu wakageuka. Karani akasimama.

Fundi akazungusha shingo ya blauzi yake ikaja mbele, akang'oa lebo kwa meno, akaiweka kwenye pengo.

Kilio kikakoma. Meneja akaigeuza kwa kidole.

"Hii ni ya bluu," akasema.

"Najua, mama. Nyeupe nitakukatia nyumbani."

Mtoto akafikiri, akafunga kopo, akalikumbatia. Dirishani, karani alikuwa ameanza kuandika kwenye faili yale aliyoyaona.