Choa cha Komanda

Jumanne saa tatu asubuhi, Mukamurenzi, muuguzi wa kituo kidogo cha afya karibu na Ngungu, alikuwa akikwangua magamba kati ya vidole vya mguu wa Papa Byukusenge na kuyakusanya juu ya kioo. Komanda Ngabo akaingia bila kupanga foleni, maana mwenye bunduki hapangi. Akavua shati.

"Mama munganga, hii kitu inaniwasha, karibu niwe wazimu."

Mgongo wote ulijaa miduara ya choa, kingo zimeinuka, nyekundu, katikati peupe. Na katikati ya kila mduara palikuwa na uso wa mtu aliyeuawa kwenye barieri yake ya kuzuia magari barabarani.

"Umepaka nini?"

"Pomadi ya kung'arisha ngozi. Ya dukani."

"Ile njo iliwanenepesha hawa watu. Ile pomadi inalisha choa."

Wanawake wakainuka kwenye benchi, wakauzunguka mgongo kutafuta watu wao. Mama Tumukunde akampata mkwewe kwenye bega la kushoto. "Amekonda," akasema, kisha akampa habari za watoto.

Byukusenge akacheka. "Komanda, umebeba kijiji muzima na haujachoka?"

Ngabo akampiga risasi ya kifua. Damu ikaruka hadi kwenye kalenda ya chanjo. Wakamtoa nje, wakamfunika kitenge, foleni ikasogea nafasi moja. Punde mduara mpya ukachomoza chini ya shingo ya Ngabo, na Byukusenge ndani yake, bado anacheka. Mukamurenzi akaandika rejistani: doa jipya, sentimita tatu.

Kisha akakwangua mduara wa chini ya mbavu, polepole. Huyo alikuwa Hilaire, mume wake, aliyetoka mwezi wa nne kwenda kuuza maharagwe. Tangu siku hiyo Mukamurenzi alitaka jambo moja tu: kujua amezikwa wapi. Akadondosha potasi juu ya magamba. Huchukua dakika kumi kuyalainisha, kwa hiyo akainama mgongoni kwa Ngabo kama anayechunguza.

"Walikuweka wapi?"

"Chini ya barieri, pale magari inapita," Hilaire akanong'ona. "Kichwa iko upande wa Ngungu."

"Nikimupa dawa, utafutika."

"Mupe tu, bibi yangu. Huyu muntu anajikuna kama mbuzi. Jana amenivunja pua."

Kwenye hadubini nyuzi za kuvu zilionekana wazi, zimetoa matawi. Mukamurenzi akampa Ngabo vidonge vya wiki nne: ameze na chakula chenye mafuta, aache pomadi, achemshe nguo.

Ngabo alikuwa mgonjwa mzuri, hakuruka hata kidonge kimoja. Nyuso zikafifia mmoja mmoja, Byukusenge akawa wa mwisho. Waliouawa baada ya hapo hawakupata pa kukaa.

Mwezi uliofuata Mukamurenzi akaenda barierini kwa miguu. Ngabo alikuwa kifua wazi, ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Akainuka kitini, akainua mti uliofunga njia kwa mkono wake mwenyewe.

"Pita, Mama munganga, wewe njo muntu yetu! Pita mbiyo, kuna gari nyuma."

Lori lilikuwa likipiga honi. Mukamurenzi akavua viatu, akavishika mkononi, akapita.