Nyasi Kwanza

Fundi Tumbo alikandamiza ngumi kwenye ubavu wa kushoto wa ndama, akasubiri. Tumbo likajiviringisha ndani, likaisukuma ngumi taratibu.

"Mzima wewe. Sogea basi, hicho unachokanyaga ni kidole changu."

Kila asubuhi alifanya hivyo kwa ndama wote kumi na wawili, ndiyo maana wenzake wakampachika jina hilo. Ilikuwa siku ya nne tangu waanze kuonjeshwa mahindi ya kuparaza. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: nyasi kavu kwanza, wacheue, halafu mahindi kopo moja. Unaongeza kidogo kidogo, wiki tatu, mpaka tumbo lizoee.

Wa mwisho alikuwa Kibibi, ndama mwekundu aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa. Mke wa Fundi, mfagiaji wa zizi, ndiye aliyemlea kwa maziwa ya chupa ya soda. Mpaka leo Kibibi akimwona lazima anyonye kona ya aproni yake.

"Mjukuu wako hana adabu," Fundi akamtania.

"Karithi kwa babu yake."

Msimamizi akafika na pikipiki, hata injini hakuzima. "Nyasi zimepanda bei, hatununui tena. Mahindi yamejaa stoo. Wajazieni, mnunuzi anawataka wanono."

"Bosi, matumbo hayajazoea. Mahindi matupu yatachacha humo ndani, yawaue."

"Kwani wewe daktari?"

"Hapana, bosi. Mimi ngumi tu."

Mke akacheka. Msimamizi hakucheka.

"Nipe saa moja nikawakatie majani kule barabarani. Wapate nyasi kwanza."

Msimamizi akatazama saa, akanyamaza. Fundi akachukulia amekubaliwa, akabeba mundu, akaenda.

Aliporudi na mzigo kichwani, pikipiki haipo. Mahindi yalikuwa yamemwagwa mpaka ukingoni, na ndama walishakula nusu yake. Mkewe alikuwa bado ameshika ndoo.

"Alinisimamia, mume wangu. Kasema nisipomwaga, kesho nisije." Akaiweka ndoo chini. "Kibibi kaja wa kwanza. Kasikia sauti yangu."

Alasiri Kibibi alikuwa anasaga meno, ubavu umekaza kama ngoma, kinyesi maji ya kijivu. Fundi akaweka ngumi. Akasubiri. Akahamisha, akasubiri tena. Kimya.

Magadi ya kutuliza tumbo lililochacha yalikuwa stoo, ufunguo kwa msimamizi. Fundi akapiga simu.

"Dawa inatoka kwa fomu," msimamizi akasema. "Fomu zinasainiwa Jumatatu."

Mke akakimbia nyumbani, akarudi na magadi yake ya kupikia, akayakoroga kwenye maji, akayatia kwenye ile chupa ya soda. Kibibi aliijua. Alinyonya mara mbili, akaiachia.

Alfajiri walimkuta amelala, shingo ameikunjia ubavuni.

Msimamizi akaleta fomu. Hii haikusubiri Jumatatu. Kwenye sababu ya kifo alishaandika: uzembe wa mfagiaji.

"Futa hiyo," Fundi akasema. "Andika na nani alimwamrisha."

"Fomu haina nafasi hiyo."

Mke akaichukua kalamu.

"Usisaini, mama!" Fundi akamzuia.

"Si mimi niliyemwaga?" Akasaini, akaenda bombani kuisuuza chupa. Aliisuuza muda mrefu.

Fundi akaingia kwa wale kumi na mmoja. Hakumtania hata mmoja. Akakandamiza ngumi kwenye ubavu wa kwanza, na mkewe akaja akasimama mlangoni na ufagio wake, wakasubiri wote wawili.