Moto Umsubiri Mgeni Rasmi

Sisi tunaoishi ughaibuni tuna jumuiya, jumuiya ina mwenyekiti, na mwenyekiti ana suti moja ya kijivu na ndoto moja: ubalozi umteue kuwa Mratibu wa Dharura. Cheo hicho hakina mshahara. Kina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na wapo wanaume ambao ukiwaonyesha kitu cha kuning'iniza shingoni, usingizi unawaruka.

Ubalozi ulisema, haya, tuonyesheni kwanza kwa zoezi mtakavyojiokoa moto ukizuka, afisa atakuja kuona. Tukakodi ukumbi, ghorofa ya pili, kila mtu akapewa kazi yake. Mama mkwe wa mwenyekiti, aliyekuja kumsalimia binti yake na kutusimulia habari za magoti yake, akateuliwa majeruhi.

"Mama, wewe kazi yako ni kulala tu kwenye machela."

"Nilale nimeumia wapi, mkwe wangu?"

"Popote utakapopenda, mama."

Kengele ya kuanza ingebonyezwa na afisa huyo, mgeni rasmi mwenyewe, baada ya risala. Bila mgeni rasmi hakuna dharura. Mwenyekiti alilirudia hilo mpaka watoto wakaligeuza wimbo.

Siku ikafika, tukakaa. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, kiti cha mgeni kikawekewa mto. Mgeni, kama walivyo wageni rasmi wote, alikuwa njiani. Njia ipi, hatukuambiwa.

Kule nyuma, birika la umeme lilikuwa limechomekwa kwenye waya mmoja na spika, feni na simu za nusu ya jumuiya. Likatoa cheche. Pazia likashika, moshi ukaanza kutambaa darini.

"Jamani, moto!"

"Mh, safari hii wamejiandaa kweli," jirani yangu akasema, akatoa simu apige picha. Wengine wakapiga makofi.

Mwenyekiti alijua fika kuwa pazia halikuwemo kwenye ratiba. Nilimwona akilitazama, akautazama mlango, kisha akakitazama kile kiti chenye mto. Watu wa nyuma walipoanza kuinuka, akakidaka kipaza sauti.

"Ndugu zangu, naomba tukae! Mgeni rasmi yuko hapo chini anaegesha gari. Akikuta ukumbi mtupu atatuelewaje?"

Tukakaa! Watu wazima, wenye akili zetu na familia zetu, tukakaa tukikohoa kwa nidhamu.

"Baba Pacha," mkewe alimwita kutoka mstari wa mbele, "pazia linaungua."

"Kidogo tu, mke wangu. Usiniangushe mbele za watu."

Pale machelani shuka likafunuliwa. Majeruhi akakaa kitako, akaanza kupapasa kandambili zake sakafuni.

"Mama! Wewe umeumia!" mwenyekiti akamkemea.

"Nimepona. Nyie msubirini mgeni, mimi nakwenda kumpokea huko huko."

Akamkamata binti yake mkono, pacha wakalishika gauni lake, wakatoka. Magoti ambayo jana yake yalitaka kusukumwa ili yapande ngazi, leo yalizishuka kama yameibiwa kwa msichana. Ukumbi mzima ukamfuata. Katikati ya ngazi tukakutana na afisa anapanda, hotuba mkononi. Tukamsomba, akashuka nasi kinyumenyume.

Tulikuwa tumeshajaa kwenye maegesho, na zimamoto wanavuta mipira yao, mwenyekiti alipotokeza wa mwisho, masizi usoni, kiti cha mgeni kichwani.

Afisa alimtazama kwa heshima kubwa. "Mmeona? Amehakikisha wote mmetoka, ndipo akatoka yeye. Huyu ndiye kiongozi."

Tukatazamana. Na sisi tulikuwa tumekaa, tungesema nini? Afisa akatoa kitambulisho mfukoni. Kilikuwa kimeshachapwa jina tangu ofisini. Akamvisha, akakikalia kiti, akaanza kusoma hotuba, huku zimamoto wakitupigia kelele tusogee. Mwenyekiti alikuwa anatokwa machozi. Alisema ni furaha.

Mama mkwe alimvuta binti yake pembeni.

"Mwanangu, viza yangu inaisha lini?"

"Bado sana, mama. Si ulisema utakaa?"

"Nitafutie ndege ya wiki hii. Mumeo ameshapewa cheo cha dharura. Sasa atazitafuta."