Mtende Dume wa Rukaya

Mpapai dume hukatwa. Hilo nililijua kabla sijaota ndevu, na ndilo lililoniponza.

Naitwa Mhina, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tende hapa Segera. Miaka saba iliyopita tulinunua miche arobaini iliyokuzwa maabara. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hapa kuna majike thelathini na nane na madume mawili." Nikawaka. Madume ya nini, kwani tunafuga? Nikamrudishia mawili yake, akanipa majike mengine. Kikundi kizima kikanipigia makofi.

Miti ikakua vizuri. Misimu miwili ikatoa maua mengi, lakini tende zilizofuata zilikuwa ndogo kama punje za mahindi, hazina hata kokwa, zikakauka na kupukutika. Wenzangu wakaanza kusema tung'oe, tupande mihogo. Mimi nikaapa kwamba tumeuziwa miche feki, tena mikindu ya mtoni iliyochanganywa na mitende, nikatafuta mtu wa kunithibitishia.

Ndipo akaja Grasiana, binti mtafiti, ana maswali kuliko trafiki. Alichuma jani kwa kila mti, akalitia kwenye bahasha yenye namba. "Tutapima DNA," akasema. Mimi DNA naijua ya watoto wa kusingiziwa. Akacheka, akasema ni ileile: kila mti una alama zake ndani ya vinasaba, na ukizilinganisha unajua nani ndugu wa nani. Aliposikia dada yangu Rukaya ana mtende kwake Korogwe, akaenda kuchukua na jani lake. Likawa la arobaini na moja.

"Ule ni dume," nilimwambia. "Kila mwaka unamwaga unga mweupe na hauzai kitu. Unapoteza bahasha."

Mtende huo aliupanda marehemu shemeji yangu Salimu, kwa kokwa ya tende ya futari, akafa kabla haujatoa ua hata moja. Rukaya huufagilia chini kila asubuhi. Lakini kiwanja kiliachwa na baba yetu, mkubwa ni mimi, na nilitaka kujenga fremu mbili za maduka. Nikampa kazi Awadhi mwenye chenso, ule msumeno wa injini: Jumamosi, saa nne asubuhi, aje aukate. Nilipomwambia Rukaya aliendelea kufagia. Nikahesabu amekubali.

Jumamosi hiyohiyo, saa tatu na nusu, Grasiana akafika shambani na majibu. Kikundi chote kilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumeibiwa, hatukuibiwa?"

"Hamkuibiwa. Miti yote arobaini ina alama zilezile. Ni mtende mmoja umerudiwa mara arobaini, na yote ni majike." Akatazama huku na huku. "Madume mliyapanda wapi?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Nilitamani niingie kwenye shimo la mbolea.

"Mtende jike hauzai tende za maana bila unga wa dume," Grasiana akaendelea, kwa upole ulioniumiza zaidi. "Tena hii ni damu moja. Ukija ugonjwa wa kuuweza mti mmoja, umeiweza yote. Ila lile jani la arobaini na moja, mzee, ni la ukoo mwingine kabisa. Dume kama lile ndilo mnalohitaji. Hapa karibu sijaona jingine."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Nikampigia Awadhi, simu ikaita mpaka ikakata. Rukaya naye vivyo hivyo. Nikadandia bodaboda, na njia nzima nilikuwa namuomba Mungu amcheleweshe mtu mmoja tu leo, Awadhi.

Kwenye kona ya kwa Rukaya nikasikia chenso inanguruma. Niliruka kabla pikipiki haijasimama, kandambili moja ikabaki barabarani.

Awadhi alikuwa amesimama na chenso yake mkononi. Kwenye shina la mtende, Rukaya ameketi mkekani, ungo mapajani, anachambua choroko.

"Mzee, tangu saa nne nawasha, nazima," Awadhi akalalamika. "Huyu mama hasogei."

"Zima! Usiwashe tena!"

Nikapiga magoti mchangani, mimi mkubwa wake. Nikamweleza yote, hata yale madume niliyoyarudisha. Nilitegemea matusi. Akaendelea kuchambua.

"Kwa hiyo unautaka unga wake," akasema mwishowe.

"Nautaka, dada yangu. Nakuomba."

"Na fremu zako?"

"Hakuna fremu. Mtende ulipo ni pako, nitaandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

Ndipo akaweka ungo chini, akafuta macho kwa kanga. "Salimu aliniambia utazaa, kaka. Mimi nilishaanza kuona alinidanganya."

Nililia naye, wala sioni haya kusema.

Msimu uliofuata nilipanda ngazi mwenyewe, mti kwa mti, nikipukutisha maua ya dume juu ya maua ya jike, Grasiana akinielekeza kutoka chini. Tende zikajaa, nene, zina kokwa. Kishada cha kwanza nikampelekea Rukaya. Alikula moja taratibu, akaitoa kokwa mdomoni, akaniwekea kiganjani.

"Kapande. Utapata damu nyingine."

"Na ukitoka dume?"

"Utaufagilia chini kila asubuhi," akasema, "kama mimi."