Nukta ya Mama Nasifu

Mimi ni Mkristo wa Nyandarua, na kazi yangu ilikuwa kulinda mahujaji. Usicheke. Nilikuwa nimeketi juu ghorofani, Jumeirah Lake Towers, Dubai, baridi ya eisii ikinitoboa mifupa, na mbele yangu kioo kikubwa chenye ramani ya Mina, nukta za kijani zimejaa kama mtama ulioanikwa. Kila nukta, hujaji mmoja. Kampuni yetu iliwauzia mawakala wa safari za hija bangili za mpira zenye chombo ndani, ili watu wao wasipotee katika umati. Nukta ikiachana na kundi lake inageuka nyekundu, nasi tunampigia simu kiongozi. Wakubwa waliipenda sana ramani hiyo. Wageni waliletwa kuitazama, wakanywa kahawa na kula tende, wakaenda zao wakiamini umati umeshindwa.

Mwaka huo, 2017, jirani yangu mezani alikuwa Fauziya, Mganda, aliyeangalia makundi ya kwao. Tuliishi chumba kimoja Rashidiya na kupanda treni pamoja. Mama yake, Mama Nasifu, alikuwa kwenye hija na wanawake wa Masaka. Ujane wake wote aliumalizia kwenye cherehani akiwalea watoto, na sasa mwanawe anamtazama kutoka Dubai. "Ona, ameamka," Fauziya ananiambia, kidole juu ya kioo. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Mamangu mimi hata simu hapokei.

Siku ya kwanza ya kurusha mawe, asubuhi, Hajati Sauya akapiga. Ndiye aliyewaongoza wanawake wale. Wamerudi kutoka Jamarati, akasema, lakini Mama Nasifu hawamwoni.

"Wewe mwanangu unatuona sote hapo. Yuko wapi?"

Fauziya akaitafuta nukta. Ilikuwa kijani, katikati ya wenzake. "Yuko hapo hapo hemani, Hajati. Tazameni vizuri, labda amelala nyuma ya mizigo."

Wakatazama. Hayupo. Wakaenda vyooni, wakaenda hema la jirani, wakapiga tena: hayupo. Nukta imetulia pale pale, kijani. Fauziya akainuka, akaenda kwa bosi wetu, Zahor, aliyezaliwa Dubai katika familia ya Kizanzibari na kuzungumza Kiunguja cha taratibu mpaka unasahau anakunyima kitu.

"Sir, tafadhali. Watu wetu walioko Mina wapite tu njia ya Jamarati. Mama ni mzee, ana presha."

"Mwanangu, chombo kinasema yuko hemani. Nikiwatoa watu wakamtafute asiyepotea, waliopotea kweli watasaidiwa na nani? Khalas, keti. Wazee hujibanza. Utamwona."

Alikuwa mpole. Afadhali angefoka, tungemchukia mapema.

Fauziya akarudi kwenye kioo. Jua la kule lilikuwa limeshapanda, nami nilijua anachowaza kwa sababu nilikuwa nawaza hicho hicho. Kila baada ya muda anapiga, kila mara Hajati anajibu bado.

Ilipofika adhuhuri, Zahor akapita mbele yetu akitoka kutawadha kama kila siku, mikono ya shati imekunjwa, viwiko vinatiririka maji, saa yake kaishika mkononi. Fauziya akaikodolea macho ile saa. Akanyakua simu.

"Hajati, mkitawadha, bangili mnazifanyaje?"

"Tunazivua, mwanangu. Zinabana, maji hayafiki kwenye ngozi. Na tuliambiwa Entebbe kwamba atakayeipoteza hapandi ndege, kwa hiyo nazikusanya zote, na vitambulisho, natia kwenye mkoba wangu. Usiwe na wasiwasi, hata moja haijapotea."

"Ya mama?"

"Hii hapa. Ninayo."

Hasira niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi. Karibu ofisi nzima ilikuwa ya watu wa swala tano. Mafundi walioichora bangili, wakubwa walioitia saini, wote huvua saa zao penye sinki kila siku ya Mungu, na hakuna aliyefikiri kwamba bibi wa Masaka naye atavua ya kwake.

Zahor akapiga simu mwenyewe, akifoka kwa Kiarabu. Haikuchukua muda kumpata mama. Alikuwa ameokotwa kando ya njia tangu asubuhi, joto limemwangusha, akapelekwa hospitali bila jina. Aliaga dunia kabla ya adhuhuri. Muuguzi alisema bibi alikuwa akiongea, akiongea sana, ila hakuna aliyeifahamu lugha yake. Kiganda! Wangeikuta mkononi mwake bangili yenye namba yetu ya simu, Fauziya angemjibu.

Akazikwa huko huko. Ripoti ya kampuni ikasema makundi yetu hayakupoteza bangili hata moja, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kabla ya msimu uliofuata walitengeneza bangili iliyolegea, maji yakapita, na wakataka sauti ya kuwaonya mahujaji. Wakamwita Fauziya. Kiganda na Kiswahili, walisema, na sauti yake ni nzuri.

"Wachana nao, Fau," nilimwambia. "Wakufute tu. Kwani iko nini?"

"Na hao akina mama, Serah? Nani atawaambia?"

Nilisimama mlangoni wakati anarekodi. Karatasi aliyopewa ilisema, "Ndugu hujaji, unaombwa usivue bangili yako wakati wowote." Fauziya akaiweka chini.

"Mama," akasema, "usiivue. Nakuomba, mama."

Ignatius, fundi wa sauti, akasema ina hisia kuliko ile ya kwenye karatasi, tuiache hivyo. Wakaiacha. Inachezwa kwenye mabasi yanayowapokea mahujaji Jeddah, na nasikia vikongwe wengine huitikia, "Haya, mwanangu."