Mwaka wa Ziada Kwenye Mizigo

Usiku wa jana niliota tuko stesheni, mimi na mwanangu Skola, na saa ya ukutani inasema treni ya Dodoma inaondoka baada ya dakika nne. Jua lilikuwa la saa saba mchana. Mkononi nilikuwa na hotpoti, kwapani daftari la bajeti, na mgongoni godoro. Godoro sijui lilitoka wapi, kwenye mipango halikuwemo.

Safari yenyewe ni ya kweli, ndoto haikuitunga. Marehemu mama yangu, Bibi Perpetua, alimwahidi Skola: "Ukitimiza miaka minne, bibi yako atakupandisha treni, twende Dodoma tukatembee mjini." Mama akafariki mwezi wa sita, miezi mitatu kabla mtoto hajatimiza. Ahadi ni deni, nikairithi mimi.

Lakini mimi ni mtu wa bajeti. Siku mbili, usiku mmoja, gesti ya kitanda kimoja. Wali na mayai ya kuchemsha tunabeba kutoka Morogoro, na mjini tunaangalia vitu visivyo na kiingilio. Tena nilikuwa nimesikia kwamba mtoto wa chini ya miaka minne hakatiwi tiketi, anapakatwa tu.

"Mtoto mwenyewe mdogo hivyo, nani atajua?" jirani yangu Mama Zulfa aliniambia. "Sema mitatu, Mama Skola. Usijitie unyoofu, utakufa maskini."

Wiki nzima nikamfundisha. Una miaka mingapi? Mitatu. Anapata biskuti. Aliiva haraka mpaka nikajisikia vibaya kidogo, halafu nikaacha kujisikia.

Basi, tuko kwenye foleni. Saa inasema dakika nne.

"Tumetoka nyumbani na mayai sita," hotpoti ikasema. "Sasa yako matano. Mimi nasema tu."

"Hayo tutayazungumza ndani," nikaijibu.

Mlangoni kuna mkaguzi. Ni mbuzi beberu, amevaa kofia ya bluu na miwani ya kusomea. Hakuna aliyeshangaa, nami sikutaka kuwa wa kwanza.

"Cheti cha kuzaliwa cha mtoto," akasema.

Nikampa. Akakisoma mbele na nyuma, akakitia mdomoni na kuanza kukitafuna taratibu.

"Kimeandikwa minne," akasema huku anatafuna. Akameza. "Sasa hakijaandikwa. Sema wewe."

Kabla sijafungua mdomo, stesheni ikawa kliniki. Mabenchi ni yaleyale na foleni ni ileile, ila sasa kila mama kashika kadi ya mtoto, na pale mlangoni unaning'inia mzani wa kupimia watoto, ule wa kuwavisha suruali. Skola anavishwa suruali, ananing'inizwa. Miguu yake inakaribia kugusa sakafu.

Mshale ukazunguka, ukatulia.

"Miaka minne na siku kumi na tisa," mzani ukasema, kwa sauti ya nesi ambaye hajanywa chai. "Lakini hapa hatuandiki tunachopima. Tunaandika kauli ya mzazi. Mama, mtoto ana miaka mingapi?"

Nyuma yangu watu wanasonya. Saa inasema dakika nne. Skola ananing'inia, ananitazama usoni, ananisubiri kama anavyosubiri biskuti.

"Mitatu," nikasema.

Beberu akapiga muhuri. "Mitatu. Kwa hiyo una mwaka mmoja wa ziada. Mzigo wa ziada hauingii behewani, unabaki stoo."

Akamfungua Skola kifuani, kama mtu anayefungua zipu ya sweta, akatoa furushi dogo. Lilikuwa limefungwa kwa kitenge cha mama yangu, kile cha kijani chenye picha za feni. Akaondoka nalo.

Skola akashuka kwenye mzani akiwa mfupi. Viatu vilimpwaya. "Mama, tleni iko wapi?" akauliza, na kabla sijamjibu akajikojolea palepale, jambo aliloliacha mwaka jana.

"Mpakate," mzani ukaniambia. "Wa miaka mitatu anapakatwa."

Nikamnyanyua, na hapo kanuni ikaanza kazi. Mikono yangu haikuweza kumwachia tena. Hotpoti ikabidi niing'ate kwa meno. Godoro, kwa hisani yake, likashuka na kutufuata kwa miguu.

Sitaficha, nilifurahi. Nauli ya mtoto ilikuwa imebaki mfukoni. Daftari likanipigia makofi kwa kurasa zake.

Tukapanda behewani. Behewa ni sebule yetu. Kuna televisheni iliyofunikwa kitambaa, kuna kalenda ya parokia, na kwenye kochi la dirishani amekaa mama yangu. Amevaa gauni la Jumapili. Mkononi ana tiketi mbili.

"Mama!" nikaita. Hotpoti ikaanguka, mayai yakatoka na kukimbilia chini ya kochi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Si huyu hapa."

Akamtazama Skola kwa adabu, kama unavyomtazama mtoto wa abiria mwenzako.

"Mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Skola, mama. Skolastika wako."

"Hapana. Mimi namsubiri wa miaka minne, ndiye niliyemwahidi. Huyu sijawahi kumwona."

Skola akauficha uso wake shingoni kwangu. "Mama," akaninong'oneza, "yule bibi ni nani?"

Hapo nikaogopa kweli. Skola alipotimiza mitatu, mama alikuwa bado kijijini Matombo. Alihamia kwetu baadaye, kwa sababu ya ugonjwa. Katika miezi ile alimfundisha mjukuu wake kumenya karanga, kuvaa viatu, kutamka treni, na kula ubuyu kwa kujificha wakati mimi nimekataza. Yote hayo yalikuwa ndani ya lile furushi. Nilikuwa nimemwacha mama yangu stoo.

"Usiondoke," nikamwambia.

"Mimi siondoki. Treni ndiyo itaondoka."

Nikatoka mbio na mtoto mikononi. Behewa la pili ni jiko letu. La tatu ni jiko letu. La nne ni jiko letu, na dirishani Mama Zulfa anaanika nguo. "Umeona?" akaniambia. "Nilikwambia hakuna atakayejua." Saa iko juu ya kila mlango, na kila saa inasema dakika nne. Magodoro yalikuwa yameongezeka, sasa yalinifuata matatu.

Kwenye stoo ya mizigo nikamkuta beberu nyuma ya kaunta. Ncha ya kitenge iko mdomoni mwake.

"Usile!"

"Sili. Naonja."

"Nautaka mwaka wangu."

"Si wako. Ni wa mtoto."

"Nautaka mwaka wa mtoto. Nitalipa nusu nauli. Chukua hata nauli nzima!"

"Hapa hatupokei hela, mama," akasema, akiutoa mdomoni ule upindo uliolowa. "Mwaka huu umeingia stoo kwa kauli. Utatolewa kwa kauli." Akanisogezea kipaza sauti.

Nilifikiri kwanza. Ndiyo, hata pale nilifikiri kwanza, maana aibu ni aibu hata ndotoni. Kisha nikasema, "Abiria wenzangu, mwanangu ana miaka minne. Nilisema mitatu."

Sauti ikasikika stesheni nzima. Nikadhani yamekwisha, lakini kipaza sauti hakikuridhika. Kikaendelea chenyewe, kwa sauti yangu mimi.

"Na nikisema niko njiani, huwa sijaoga. Na sufuria ya Mama Zulfa haikupotea."

"Nilijua!" Mama Zulfa akapiga kelele kutoka dirishani.

"Na mwezi wa tano mama alisema, mwanangu, tusingoje mtoto atimize, tumpandishe treni sasa hivi nikiwa bado naweza kutembea. Nikamjibu hakuna hela. Zilikuwepo. Niliona tu safari haimo kwenye bajeti."

Beberu akaacha kutafuna. Hilo sikutaka lisemwe na mtu yeyote, kwa sauti yoyote. Nililia palepale kwenye kaunta, nikalia sana, mbele ya mbuzi.

Kwa mbali, kutoka behewani, mama yangu akajibu, "Najua. Mlete mtoto."

Mikono yangu ikalegea. Beberu akanipa furushi, na tulipogeuka tulikuwa tayari sebuleni, mbele ya kochi. Mama akalifungua mapajani. Ndani ya kitenge mlikuwa na kifuko kimoja cha nailoni, na ndani ya kifuko, ubuyu.

"Mbegu kumi na mbili," mama akasema. "Ni miezi hiyo. Amung'unye atakavyo. Kila atakayoitema, mwezi wake umeingia."

Akampakata Skola, naye Skola anamung'unya. Anatema moja, viatu vinaacha kupwaya. Anatema ya pili, anatema ya tatu, anasema, "Mama, treni imesimama." Anatema ya nne, anainua uso wake, mwekundu kwa ubuyu mpaka kwenye kope, anamwona aliyempakata.

"Bibi!"

"Ehee," mama akasema. "Sasa nimekujua."

Sikuwahi kuona watu wawili wakikaa hivyo, na nimekaa nao nyumba moja. Hata hotpoti ilisahau kuhesabu mayai.

Beberu alikuwa akizidaka mbegu kwa kofia. Alipomaliza akazihesabu kwa ukwato. "Kumi na moja," akatangaza. "Mwezi mmoja haupo."

Skola amefunga mdomo. Shavu moja limetuna.

"Tema, mwanangu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Mwache," mama akasema, akimpangusa mashavu kwa ncha ya kitenge. "Huo ni mwezi wa sita. Hajataka kuutema."

Saa ya ukutani ikasema dakika tatu. Treni ikapiga honi, nami nikaamka.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshaingia dirishani. Godoro lilikuwa mahali pake, moja. Daftari liko mezani, wazi kwenye ukurasa wa Dodoma. Skola alikuwa kalala ubavuni kwangu, miguu yote miwili juu ya tumbo langu.

"Skola," nikamwita. "Una miaka mingapi?"

Akafungua jicho moja. Alinitazama kwanza, kama anayetaka kujua leo natakaje.

"Minne," nikamwambia. "Una miaka minne. Leo nakwenda kukukatia tiketi yako mwenyewe, ya kukaa dirishani."

Akafikiri kidogo. Halafu akauvuta mkono wangu, akatema kitu kiganjani.

Ilikuwa mbegu moja ya ubuyu, imemung'unywa mpaka imebaki nyeusi. Nyumbani kwetu ubuyu haujaingia tangu mwezi wa sita.