Mombasa ya Chini ya Dirisha

"Iko mtu ndani," Bi Bhanu alikuwa akisema. "Mimi nimesikia maji. Choo kimevutwa."

"Hakuna mtu, mama. Ni mabomba tu. Mabomba ya jengo hili hujisemea yenyewe."

"Mabomba hayakohoi, Winifrida!"

Nami, mwenye kikohozi, nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya dirisha langu mwenyewe, hapa Hayes, London, ghorofa ya pili, kidevu kwenye zulia na pindo la kanga limejaa mdomoni. Kwa hesabu ya kila anijuaye huku, wakati ule nilikuwa Mombasa.

"Ni mwizi," akasema Bi Bhanu. "Ameona mwenyewe amesafiri, ameingia. Napiga simu polisi waje wavunje mlango."

"Wavunje mlango wa mtu kwa sababu ya mabomba?"

"Basi wewe kwa nini unamtetea? Ni mwizi wako?"

Siku nyingine ningeshafungua mlango niwe wa tatu katika mzozo ule. Ugomvi wa majirani mimi siupiti hivihivi. Hata usionihusu huutafutia kiti. Nyumba yangu ilikuwa baraza. Jumapili watu walikaa mpaka juu ya mashine ya kufulia, chai haikauki, mahamri na mbaazi za nazi zinazunguka, na aliyetaka kujua nani kaachika Lewisham au nani kachumbiwa Tooting alikuja kuniuliza mimi kabla hajawauliza wenyewe. Bi Bhanu, Mhindi wa Mombasa asiyegusa nyama, aliyehamia Uingereza bado msichana, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa umbea. Winifrida, Mhaya wa Bukoba, Tanzania, anayehudumia wazee majumbani, mlango wake umepakana na wangu, alikuja, akasikiliza, akaosha vikombe, akaenda zake.

Jumapili ya kuniaga ndiyo iliyojaa kuliko zote. Nilikuwa nimepata uraia wa Uingereza majira yale ya baridi, na kwetu Kenya, tangu ile katiba mpya, ukichukua wa nje hupotezi wa kwenu. Pasi yangu mpya niliiweka juu ya sinia, katikati ya mahamri. Ikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, kila mtu akiifungua aitazame picha. Winifrida alijifuta vidole kwanza ndipo akaipokea.

Hapo ulimi wangu ukanichukua.

"Pole, bibi," nikamwambia mbele ya wote. "Nyinyi kwenu ukiolewa na mume wa pili, wa kwanza akupa talaka. Sisi wenzenu twaruhusiwa wawili!" Nyumba ikaangua kicheko. Ningeishia hapo. Lakini mimi nikisikia watu wanacheka huwa sijui kuishia. "Hebu fikirini," nikaongeza, "mtu na akili zake kuomba viza kwenda kumwamkia mama yake!"

Walicheka mpaka machozi. Winifrida naye akacheka, kidogo, kisha akanyanyuka na vikombe kuelekea jikoni. Yeye alikwishachukua uraia wa Uingereza, na Tanzania ikamfutia wake; mwaka uliotangulia alikwenda Bukoba kwa viza, kumzika mama yake. Sote tulikuwa tumempa pole. Nilikumbuka maneno yakiwa yameshatoka, na badala ya kumfuata jikoni, nikamwaga chai nyingine.

Uwanja wa ndege nilikuwa nikiujua kwa mgongo. Kazi yangu ilikuwa kupanga trei za chakula cha abiria katika ghala moja karibu na Heathrow. Miaka nenda miaka rudi nikiwalisha watu hewani, mwenyewe nikirudi nyumbani kwa basi. Siku ya safari niliingia kwa mlango wa mbele, nimevaa buibui la nakshi, kichwa juu. Pasi yangu ya Kenya ilikuwa nyumbani kabatini, chini ya vitambaa vya meza, imekwisha muda zamani, na sikuona haja ya kuihuisha. Ya nini kutembea na bakora na gari unalo?

Msichana wa kaunta, Surinder, jina lake kifuani, alifungua pasi yangu, akaitazama kompyuta, akaniomba kibali cha kuingia Kenya.

"Kibali cha nini? Mimi nimezaliwa Mombasa. Mtaa wa Kuze."

"Basi nionyeshe pasi ya Kenya, mama."

"Iko nyumbani. Imekwisha muda."

"Kwa leo basi wewe ni Mwingereza," akasema taratibu, "na Mwingereza huomba kibali kabla ya kusafiri."

Hakunidharau. Alinihurumia, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Nikajitoa pembeni, nikaomba kwa simu. Jibu likaja kwamba maombi yamepokelewa, nisubiri siku kadhaa. Tiketi yangu ilikuwa ile ya bei rahisi isiyomngoja mtu. Nyuma yangu, kwenye foleni, nikasikia Kiswahili kikinong'ona: "Maskini, wamemzuia." Nikavuta ushungi mpaka puani. Maisha yangu yote nimekuwa upande wa wanong'onao, na sikuwahi kujua kuwa upande wa pili hewa ni nyembamba kiasi kile.

Mama nilimpigia nikiwa nimekalia sanduku.

"Wamekuzuia hao Wazungu?" akauliza.

"La, mama. Wao hawakunizuia kutoka. Nimekosa idhini ya kuja huko."

Nyuma yake nikasikia sufuria, watoto, mtu akimwita mwenzake asogeze mkeka. Nyumba ilikuwa imejaa, wote wananingoja mimi.

"Basi," akasema, "chakula tutakila kwa niaba yako."

Nilizima simu, sikuiwasha tena. Nikarudi na kujifungia. Nia yangu ilikuwa nikae humo mpaka siku niliyowaambia watu nitarudi, kisha nitoke na sanduku langu na habari zangu. Nilikwisha kuanza kuzitunga: nani kanenepa, nani kaoa juu ya mkewe. Kama sikubadilika rangi kwa jua, ningesema nilikaa kivulini. Friji nilikuwa nimeiacha tupu kabla ya safari, kwa hiyo nikala zawadi. Nilianza na chokoleti za watoto wa dada yangu. Zilipokwisha, nikafungua bati la biskuti ambalo Bi Bhanu alinipa nimpelekee shoga yake wa utotoni, na hilo nikalila nimekaa sakafuni, mapazia yamefungwa, kama panya.

Ndipo veranda ya nje ya dirisha langu ikaanza kuteta, ule mzozo wa mwizi na mabomba.

"Nimeongea naye jana," Winifrida alikuwa akimwambia Bi Bhanu. "Anasema joto kali mno. Mama yake hajambo. Wamempikia pilau."

Chini ya dirisha nilisahau hata kukohoa. Jana? Simu yangu ilikuwa sandukuni, imekufa.

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Ukipiga chafya huku, wa kule anakuombea afya. Alijua. Bila shaka alijua tangu jioni ya kwanza, sanduku likiburuta sakafuni, na hakumwambia mtu. Ingekuwa mimi na yeye ndiye aliyelala kwenye zulia, Lewisham ingepata habari kabla birika halijachemka. Aibu ya kaunta nilikuwa nimeanza kuizoea, kama jino bovu. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilinishika masikio, ikanigeuza uso nijitazame.

"Apa," akasema Bi Bhanu.

"Niape nini?"

"Apa kwamba Mishi yuko Mombasa, mimi nakwenda zangu. Ukikataa, simu iko hapa mkononi."

Winifrida ni mtu asiyesema "nakuja" mpaka awe amevaa viatu. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Haki ya mama yangu," akaanza, "aliyelala kule…"

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka komeo, halafu baridi, halafu nyuso mbili. Nilikuwa na kanga moja, chembe za biskuti kifuani, na alama za zulia shavuni.

Bi Bhanu alinitazama, akalitazama sanduku nyuma yangu, akamgeukia Winifrida. "Mimi nilisema iko mtu," akanong'ona, kama aliyeshinda kesi asiyoitaka.

"Sikwenda," nikasema. "Walinitaka kibali. Cha kwenda kwa mama." Kisha nikamgeukia Winifrida. Ulimi ule usiojua kupumzika ulikuwa mzito kama kipande cha ubao. "Winifrida, siku ile mbele ya watu, nili…"

"Acha," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Wala hakulisema kwa upole. Alishika kitasa cha mlango wake, akasimama akinipa mgongo, na kwa muda nikadhani ataingia na kuufunga. Hakuufunga.

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna ndizi na maharage. Ingia." Akasogea kunipisha, kisha akamwangalia Bi Bhanu, ambaye simu bado ilikuwa mkononi mwake. "Nawe ingia, mama. Hayana nyama."